Tari Iliyotazama Ukuta

Dosinda alizikwa Januari iliyopita, siku ya mvua, na jeneza lake lilibebwa na wanaume wanne. Wawili kati yao walitoka parokia ya jirani, kwa kuwa hapa Fontecova walisema hawapatikani. Walikuwapo. Niliwaona kwa macho yangu, wamejikinga chini ya ghala la mahindi, wakivuta sigara na kutazama jeneza likipita matopeni. Ndiyo maana naandika habari za mwanamke huyu. Nilikuwapo tangu mwanzo, na sehemu ya lawama ni yangu.

Baba yake alikuwa mtengeneza chekeche. Alipasua mti wa mkarati, ule wenye njugu kubwa za kuchoma, vipande vyembamba, akavipika kwenye mvuke mpaka vikakubali kupindwa, akavifunga duara. Kipande kilichokuwa kifupi mno kwa chekeche hakukitupa, alikifanya tari. Ngozi ya mwanambuzi upande mmoja, na ukingoni vitoazi ambavyo mama yake Dosinda alivikata kwa mkasi kutoka kwenye makopo ya dagaa. Hivyo mtoto huyu alikua akisikia tari kabla hajajua kuzungumza sawasawa. Kufikia miaka kumi na miwili aliweza kuburuta kidole gumba juu ya ngozi, kwa mate kidogo tu, vitoazi vyote vikatetemeka mfululizo bila kukatika, na wanawake wazima wakaacha kupiga za kwao ili wamsikilize.

Katika milima yetu ya Galisia tari ni mali ya wanawake. Wote hucheza, lakini mwanamke ndiye apigaye na kuimba, na asipotaka kupiga, hakuna ngoma. Tena tari ina sheria yake, na kila mtu hapa anaijua kama anavyojua Baba Yetu. Mwanamke akifiwa na mume au mwana, huitundika msumarini ukutani, ngozi ikiwa imeelekea ukuta, kwa miaka mitatu. Na miaka hiyo ikiisha haitungui yeye. Lazima aje mwanamke mwingine, mmoja aliyewahi kucheza kwa mlio wa tari ile ile, aitungue na kumtia mkononi. Asipokuja mtu, inabaki pale.

Dosinda aliolewa na Eladio, mwana pekee aliyekuwa amebaki kwa Balbina. Mama mkwe huyo alikuwa mpigaji hodari enzi zake, na siku ya harusi alimpa mkwewe tari yake mwenyewe. Tari ile ilikuwa imeshatazama ukuta mara mbili: mara ya kwanza kwa mume wa Balbina, mara ya pili kwa mwanawe mkubwa aliyekufa vitani. Alipomkabidhi alisema mbele ya wageni wote, "Hii imeninyamazia mara mbili. Ikininyamazia mara ya tatu, chimbeni na kaburi langu siku hiyo hiyo."

Watu walicheka wakanywa divai. Lakini daktari wa mjini alipokuja kumpima Balbina moyo miaka michache baadaye, alituambia neno lile lile kwa lugha ya kidaktari.

Eladio alikwenda Venezuela kufanya kazi ya ujenzi, kama nusu ya wanaume wa bonde hili. Barua ilikuja Agosti ya mwaka 1956, siku nne kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Roko. Dosinda hakujua kusoma. Aliniletea mimi, mwalimu wa kike wa shule, niliyekuwa na miaka ishirini na sita na diploma ambayo wino wake ulikuwa bado unanukia. Alikuja amevaa viatu vyake vya mti, mikono ina harufu ya maziwa, akakaa kwenye dawati la watoto.

Haikuandikwa na Eladio. Iliandikwa na mwenzake wa kazini, Amador, na ndani yake kulikuwa na karatasi ya serikali yenye mhuri. Ukuta ulianguka. Tarehe mbili Julai. Amezikwa huko huko.

"Soma tena hapo," akaniambia.

"Dosinda, dada yangu..."

"Soma tena, Mwalimu. Labda umeruka neno."

Nikasoma tena. Sikuwa nimeruka neno.

Hakulia. Aliikunja ile karatasi ya mhuri mara nne, akaitia kifuani, akatazama ubao mweusi kwa muda mrefu kana kwamba kuna hesabu imeandikwa pale. Kisha akasema, "Mwalimu, niandikie barua. Moja tu, kwa jina lake. Aseme yu mzima, kazi ni nyingi, mama asiwe na wasiwasi."

Nilikataa. Nilimwambia kuwa uongo wa mdomo hupita na upepo, lakini uongo wa maandishi hukaa.

"Basi usiseme kwa mtu," akaniomba. "Hapa ukimwambia mmoja asubuhi, saa sita Mama ameshaletewa jikoni."

Hilo nilikubali. Nilijiona nimetenda haki kabisa: nimekataa kudanganya, nimekubali kunyamaza. Sikufikiri kwamba kwa kumnyima barua nilikuwa nimeubandika uongo wote juu ya tari. Maana Balbina hakuwa na njia nyingine ya kujua kama mwanawe yu hai. Tari ikilia, yu hai. Ikinyamaza, amekufa. Na sikukuu ilikuwa baada ya siku nne.

Kesho yake nilipita kwao. Balbina alikuwa kwenye benchi lake kando ya moto, miguu imevimba, imefungwa vitambaa. Tangu miguu imkatae alikuwa hatoki jikoni. Ulimwengu wake ulikuwa dirisha moja lililoelekea uwanja wa kupuria nafaka, ambapo ngoma zote zilichezwa. Sufuria ya supu ya kabichi na mafuta ya nguruwe ilikuwa ikichemka. Tari ilikuwa juu ya kigoda, ikipashwa moto ngozi ikaze.

"Isogeze motoni zaidi," Balbina alisema. "Imelegea hiyo. Unataka kupiga tari au kukanda unga?"

"Nimeisogeza, Mama."

"Umeisogeza! Tangu jana unaitazama kama nyoka. Mwalimu, hebu mtazame huyu. Hivi anaumwa?"

"Sijui, Mama Balbina," nilisema, na huo nao ulikuwa uongo, ingawa mdogo.

"Labda mwaka huu nipumzike," Dosinda alisema akiwa ametupa mgongo. "Kidole gumba kimechubuka. Wapo akina Obdulia, watapiga wao."

Yule mama aliacha kukoroga. Sijawahi kuona uso ukibadilika haraka vile. Rangi iliondoka kuanzia mdomoni, mkono ukapanda kifuani, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya kutania. "Kwa nini usipige? Kuna nini? Kuna habari gani?"

Dosinda akageuka. Akaichukua tari kutoka kwenye kigoda, akalamba kidole gumba, akakiburuta. Vitoazi vikalia jikoni mle mpaka kuku wakatoka mbio.

"Habari gani tena, Mama? Kidole tu. Nitapiga."

"Mwanamke mjinga wewe," Balbina alisema, akishusha pumzi. "Kidole! Mimi nilipiga nikiwa na mimba ya miezi minane."

Siku ya Roko alipiga. Wanawake watano walikaa mstari mmoja kwenye ukuta wa uwanja, Dosinda katikati, kitambaa chake cha rangi kichwani kwa sababu asingeweza kuvaa cheusi. Vumbi lilipanda. Mimi nilisimama kando, mikono nimefumbata. Niliona haifai mwalimu kucheza vumbini na wachuuzi wa ng'ombe, na katika miaka yote niliyokaa hapa sikuwahi kuingia uwanjani hata mara moja.

Desturi ni kwamba wapigaji hurushiana mashairi ya papo hapo, na anayechokozwa lazima ajibu bila kukosa pigo. Obdulia, mwenye ulimi mkali kuliko wote, alimgeukia Dosinda akaimba:

"Dosinda anaye mume, ng'ambo ya bahari;
kitandani alalapo, hulala na tari!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Wanaume wakapiga miluzi. "Mjibu, Dosinda! Mjibu huyo!" Nilimwona akitazama juu, kwenye dirisha la jikoni, ambako uso mweupe ulikuwa umebanwa kwenye kioo. Kisha akaimba, sauti yake ikiwa wazi kabisa:

"Mume wangu amelala, kuamka hajui;
mwenye wivu amwamshe, mimi simsumbui!"

Wakacheka zaidi. "Mvivu huyo Eladio! Ng'ambo kote huko kaenda kulala!" Obdulia alimkumbatia kwa kushindwa. Na kidole gumba cha Dosinda, ambacho kweli kilikuwa kimechubuka, kiliacha mstari wa damu juu ya ngozi. Mstari ule haukutoka tena.

Alipiga hivyo kwa miaka minne. Alipiga kwenye Roko, alipiga siku za kuchoma karati, alipiga kwenye harusi za watu. Balbina alipouliza mbona mwanawe haandiki, Dosinda alimjibu, "Eladio ashike kalamu? Mama, wewe mwenyewe ulimtoa shule akachunge ng'ombe." Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. Pesa hazikuja tena kutoka ng'ambo. Dosinda alilima shamba la watu wengine alfajiri kabla ya kulima lake, na akasema zimekuja.

Lakini uongo haumlipi mtu hata yule anayeutumikia kwa uaminifu. Kadiri tari ilivyolia, ndivyo Balbina alivyozidi kukasirika. "Mwanangu anavunjika mgongo huko," alimwambia mbele yangu, "na wewe unapiga kama bibi harusi. Huna haya? Hata hicho kicheko chako, kinatoka wapi?" Akipiga kwa furaha anatukanwa. Akipiga kwa upole, mkono wa mama unapanda kifuani: "Kuna nini? Kuna habari gani?" Dosinda alitembea kwenye kamba hiyo nyembamba mwaka baada ya mwaka, akiwa na karatasi ya mhuri imeshonewa ndani ya sidiria yake.

Aliwahi kujaribu kukataa mara moja. Delmira, binti wa mwenye kinu, alikuwa anaolewa Oktoba ya mwaka 1958, na alitaka tari ya Dosinda na si nyingine. "Mtafute Obdulia, mwanangu," Dosinda alimwambia mlangoni. "Mimi mkono wangu mzito siku hizi."

"Shangazi, usinifanyie hivyo! Nimeshamwambia kila mtu ni wewe."

Na kutoka ndani, kwenye benchi, sauti ikaja: "Kwa nini asiende? Dosinda, kuna jambo?"

Akaenda. Delmira alicheza mpaka kiatu kikakatika. Mwaka uliofuata alijifungua mtoto wa kiume, naye akafa kabla ya kutimiza siku arobaini, kama walivyokufa wengi baridi ile. Wakati huo hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Balbina alikufa Machi ya 1961, Alhamisi asubuhi, Dosinda akiwa anakamua ng'ombe. Jana yake nilikuwa nimewapelekea mkate. Maneno ya mwisho niliyomsikia akisema ni haya:

"Roko ni lini?"

"Bado, Mama. Agosti."

"Utapiga?"

"Nitapiga."

"Mwaka huu piga taratibu. Mwaka jana ulipiga kama mwanamke asiye na mume."

Baada ya mazishi, Dosinda alikwenda kwa Padre Olegario na kuitoa ile karatasi. Aliniomba nifuatane naye, kwa kuwa ni mimi niliyeisoma. Padre alivaa miwani, akasoma, akaivua miwani.

"Binti yangu," alisema, "hii ni miaka minne na miezi minane."

"Ndiyo, Padre. Nataka misa yake. Na jina lake lisomwe kanisani, na lichongwe kwenye jiwe la baba yake."

Padre alikuwa mtu mzuri, na kama watu wengi wazuri alipenda amani kuliko ukweli. Akazungukazunguka chumbani. "Tunaweza kusema habari zimefika juzi. Tarehe si lazima. Tuseme tu, amefariki ng'ambo. Utavaa nyeusi kuanzia leo, watu watakulilia, mambo yataisha. Unawajua watu wa hapa, Dosinda. Umepigia harusi zao."

Dosinda alinigeukia. "Mwalimu unasemaje?"

Nilisema alichotegemea niseme. Nilisema ukweli hauna nusu. Ningesema vivyo hivyo leo, na siombi radhi kwa neno hilo. Naomba radhi kwa kilichofuata.

"Miaka minne na miezi minane hakuna aliyemwombea," Dosinda alimwambia padre. "Hata mimi. Nilikuwa naogopa kuomba, nisije nikalia Mama akanisikia. Sasa hata tarehe yake nimwibie? Isome, Padre. Ile ile."

Jumapili padre akaisoma. "Eladio, mwana wa Balbina, aliyefariki tarehe mbili Julai mwaka elfu moja mia tisa hamsini na sita." Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha nikaona vichwa vikihesabu. Midomo ilitikisika: hamsini na sita, hamsini na saba, hamsini na nane. Halafu ukaanza mlio wa viatu vya mti juu ya mawe ya sakafu, mmoja, kisha kumi, watu wakitoka nje kabla misa haijaisha.

Walimngojea uani. Delmira alikuwa mbele.

"Ulijua?" alimuuliza. "Siku yangu ulijua?"

"Nilijua."

"Ulinipigia tari ya maiti. Ulinichezesha juu ya kaburi, nami nimevaa taji. Na mtoto wangu..."

"Nilikuomba umtafute Obdulia, mwanangu."

"Usiniite mwanao!"

Obdulia naye akatema mate chini. "Nami nilikuimbia shairi la mzaha, na mume yuko udongoni! Umeniingiza dhambini na mimi! Angalau ungeninong'oneza, shoga. Nilikukumbatia!"

Mwanamume mmoja alisema kwa sauti kubwa kwamba lazima alikuwa na bwana huko mjini, ndiyo maana alipiga kwa furaha. Mwingine akasema hakuna aliyejua lolote, nani atathibitisha kwamba alificha kwa ajili ya mama mkwe? Labda alificha ili aendelee kula nyumba ile. Nani alikuwa shahidi?

Mimi nilikuwa shahidi. Nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka kwake, mwavuli mkononi. Ningeweza kusema: ni mimi niliyemsomea barua, aliniomba nimwandikie nyingine ili asilazimike kupiga tari, nikakataa, tangu siku ile amepiga huku akitokwa damu ili mama mzee asife. Watu wangenisikiliza, mimi ni mwalimu wa watoto wao. Dosinda alinitazama mara moja, wala hakuniita. Nami nilifikiri wazazi wataondoa watoto shuleni, nikafikiri mkaguzi wa wilaya, nikafikiri kwamba si wakati mwafaka. Nikafungua mwavuli, ingawa mvua ilikuwa imekatika.

Siku hiyo hiyo aliitundika tari jikoni, juu ya benchi la Balbina, ngozi ikiwa imeelekea ukuta. Akavaa nyeusi.

Nimewafikiria sana watu wale walioapa kwamba wametiwa mkosi. Walicheza, walikula, walioana kwa mlio wa tari ile, na katika kulalamika kwao kote hakuna aliyejitolea kurudisha furaha aliyoipata. Walirudisha mkosi tu.

Miaka mitatu ikaisha. Roko ya 1964 Dosinda alifagia jikoni, akatandika kitambaa cheupe mezani, akaweka bakuli la divai kwa ajili ya yule atakayekuja. Najua kwa sababu nilipita dirishani. Saa kumi jioni ngoma ilianza uwanjani. Bakuli lilikuwa limejaa. Roko ya 1965 aliliweka tena. Mwaka 1966 hakuliweka.

Ndipo nilipokwenda. Nilikuwa nimejisemesha njia nzima. Nilimkuta anamenya viazi kwenye lile benchi. Nikamsalimu, nikapanda juu ya kigoda, nikaitungua tari. Moshi ulikuwa umeigeuza kahawia. Ule mstari wa damu ulionekana bado, mweusi. Vitoazi vimeshikwa na kutu, havikulia hata nilipoitikisa. Nikamnyooshea.

Hakuipokea. Aliifuta mikono yake kwenye aproni, polepole, kana kwamba anataka kuipokea, kisha akachukua kiazi kingine.

"Mwalimu," alisema, "wewe umewahi kuicheza?"

Nikaipangusa masizi kwa kiganja.

"Hata siku moja. Ulikuwa unasimama kule ukutani umefumbata mikono. Nilikuwa nakuona."

"Dosinda, hii ni desturi tu. Mungu haangalii nani..."

"Sijamtaja Mungu mimi." Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa nayo. "Anayeitungua ni aliyeicheza. Delmira aliicheza. Obdulia aliicheza. Ungefungua mdomo siku ile kanisani, wangekuja wenyewe. Wangekuja wote wawili, tena wangegombania kigoda."

"Naweza kuwaambia sasa. Leo. Wako uwanjani wote."

Dosinda alitazama dirishani. Obdulia alikuwa anaimba, na vijana ambao hawakumjua hata Eladio walikuwa wanacheza.

"Delmira ana watoto watatu sasa," alisema. "Ameshamlaumu mtu, ameshapumzika. Ukimwambia leo, atamlaumu nani? Acha. Rudisha ulipoitoa."

Nikapanda tena kigoda. Ilinichukua muda kuupata msumari. Niliposhuka niliona kwamba nimeitundika vibaya, ngozi nje.

"Igeuze," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye viazi.

Nikaigeuza.